Maandalio ya somo na mzigo wa vipindi: jibu kwa mwalimu wa Pongwe

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi iliyopo upande wa Pongwe, jijini Tanga. Nafundisha Hisabati na Sayansi Darasa la Tano lenye wanafunzi 94, na Jiografia Darasa la Sita lenye wanafunzi 81. Nina vipindi 30 kwa juma, ni mwalimu wa darasa, na zamu hunifikia mara kwa mara kwa sababu tupo wachache. Chuoni nilifundishwa kwamba kila kipindi kiwe na andalio lake kamili, nami naliamini hilo, lakini naandika hadi usiku wa manane na asubuhi naingia darasani nikiwa nimechoka. Baadhi ya wenzangu huandika maandalio baada ya kufundisha ili yapate kusainiwa tu. Sitaki kufika huko. Nipunguze wapi bila kuwapunja watoto?

Jibu: Mwalimu, kabla sijashauri lolote naona ni haki tufanye hesabu ya juma lako, kwa sababu walimu wengi walio katika hali kama yako hujilaumu kwa uvivu ambao hawana. Vipindi 30 vya dakika 40 ni saa 20 za kusimama mbele ya watoto. Ukitumia nusu saa tu kuandika kila andalio, hizo ni saa 15 nyingine. Madaftari ya madarasa yako mawili ni 175, na ukilipatia kila daftari dakika moja, zoezi moja kwa kila darasa linakuchukua karibu saa tatu; ukitoa mazoezi matatu kwa juma, umetumia saa tisa. Jumla imeshafika saa 44, na hapo hatujagusa zamu, mahudhurio, vikao, mtihani wa mwezi, wala mzazi anayekuja kuulizia mtoto wake wakati wa mapumziko. Uwiano unaotakiwa kitaifa kwa shule za msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na wewe katika Darasa la Tano una zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wamepata nafasi ya kusoma, jambo ambalo kila mwalimu mwema hulifurahia, lakini idadi ya walimu haikukua kwa mwendo ule ule, na pengo hilo ndilo unalolijaza wewe kwa usingizi wako.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kuandika kwa kasi zaidi hakutakuokoa, maana hata ukipunguza dakika kumi katika kila andalio bado juma lako litakuwa limefurika. La pili, ambalo walimu wengi hawalitazami, ni kwamba maandalio na usahihishaji vinakula muda wako vikiwa kama kazi mbili zisizojuana, ilhali kwa asili yake ni kazi moja. Unasahihisha ili ujue watoto wamekwama wapi, na unaandaa ili uwakwamue. Pale ambapo usahihishaji hauingii katika andalio la siku inayofuata, unalipa gharama mbili na kupata faida ya moja. Ushauri wangu wote hapa chini unatokana na hoja hii.

Nianze na maandalio yenyewe. Andalio la somo lina sehemu mbili ambazo zimechanganywa kwa miaka mingi hadi tumezoea kuziona kuwa kitu kimoja: kuna kufikiri, yaani kuamua watoto watapita njia gani kutoka wanachokijua hadi wasichokijua, na kuna kumbukumbu, yaani karatasi yenye tarehe, idadi ya waliosajiliwa na waliohudhuria, umahiri, zana, rejea na hatua za somo, ambayo mwalimu mkuu huitia sahihi na wathibiti ubora wa shule huiomba wanapokuja. Kumbukumbu hutakiwa kwa kila kipindi, na sitakuambia uiache. Kufikiri kwa kina, hata hivyo, hakugawanyiki kwa dakika 40. Wazo linalofundishwa huchukua vipindi vitatu, vitano au saba, na linapaswa kufikiriwa zima kabla halijakatwa vipande. Kwa hiyo andaa mada kwanza, kisha uikate katika vipindi. Mwalimu anayeketi kila usiku kufikiri upya kipindi cha kesho hulazimika kuanza safari ile ile mwanzo kila siku, na ndiyo maana unafika usiku wa manane.

Chukua mfano wa Hisabati, kwa kuwa naona ndipo uzito wako ulipo. Mada ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Andalio la kawaida huanza na ufafanuzi, huja na mfano mmoja ubaoni, kisha kanuni ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS), kisha zoezi. Mwalimu anayeifikiri mada nzima huanza mahali pengine kabisa: hujiuliza mtoto atakosea vipi. Hapa jibu linajulikana na walimu wa Hisabati duniani kote. Ukimwambia mtoto ajumlishe 1/2 na 1/3, atajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, akuletee 2/5. Hafanyi hivyo kwa uzembe. Tangu Darasa la Kwanza amefundishwa kwamba kujumlisha ni kuchukua namba na kuziunganisha, na machoni pake 1/2 ni namba mbili zilizopangwa juu na chini, si kiasi kimoja. Ukimpa kanuni ya KDS kabla ya kulitikisa wazo hilo, ataishika kanuni hadi Ijumaa, na Jumatatu atarudi kwenye 2/5.

Basi kazi ya kufikiri ni kutafuta swali litakalomfanya mtoto mwenyewe alikatae jibu lake. Waambie watoto walete vifuniko vya soda, na kila dawati liwe na vifuniko 10. Nusu ya 10 ni 5. Sehemu mbili za tano za 10 ni 4. Sasa waulize: tulianza na nusu, tukaongeza theluthi nzima juu yake, imekuwaje tumepata kidogo kuliko tulichoanza nacho? Darasa lenye watoto 94 litanyamaza kwa muda, kisha litaanza kubishana, na mabishano hayo yana thamani kubwa kuliko nukuu ya ukurasa mzima. Baada ya hapo chukueni vifuniko 6: nusu yake ni 3, theluthi yake ni 2, jumla ni 5 kati ya 6, na jibu la 5/6 limeonekana kwa macho kabla kanuni haijatajwa.

Kinachofuata ni mpangilio wa mifano, na hapa walimu wengi hupoteza muda kwa sababu huiokota mifano papo hapo ubaoni. Anza na 1/2 + 1/4, ambapo asili moja tu ndiyo inayobadilika. Fuatisha 1/2 + 1/3, ambapo zote mbili zinabadilika na kuzidisha asili kwa asili kunatosha. Ndipo ulete 3/4 + 1/6, ambapo mtoto anayezidisha asili hupata 24 na kuishia na 22/24, ilhali anayetafuta KDS hupata 12 na kuishia na 11/12. Hapo ndipo faida ya KDS inapoonekana, kwa sababu watoto wamehangaika na namba kubwa bila ulazima. Mifano mitatu ikipangwa kwa utaratibu huo hufundisha zaidi ya mifano kumi isiyo na mpango. Kufikiri yote haya kunaweza kukuchukua saa nzima, lakini ni saa moja inayohudumia vipindi vya juma zima, na mwakani utaikuta palepale ulipoiacha.

Mada uliyoifikiri hivyo iandike katika daftari la peke yake, ambalo si la kusainiwa na mtu yeyote. Kila mada ipewe ukurasa mmoja au miwili: kosa unalolitarajia, swali la kulitikisa, mifano kwa mpangilio wake, zana, na chini yake nafasi tupu ya kuandika yaliyotokea kweli darasani. Mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza Januari 2024, umebadilisha majina na mpangilio wa mambo mengi katika mihtasari, na walimu wengi wamehisi kwamba kazi yao ya miaka iliyopita imetupwa. Daftari la namna hii halitupwi na mtaala wowote. Mada inaweza kuhamishwa kutoka darasa moja kwenda jingine, lakini mtoto anayekutana na sehemu kwa mara ya kwanza atakosea palepale walipokosea kaka na dada zake.

Ukiwa na ukurasa huo, andalio rasmi la kipindi linakuwa jepesi, kwa sababu unachofanya ni kukata kipande cha mada na kukiweka katika hatua zake. Hapo nina ombi moja ambalo nalisisitiza kuliko mengine: anza kwa kujaza safu ya upimaji. Nimesoma maandalio mengi ya walimu na ya wanachuo, na safu hiyo karibu kila mara huwa na sentensi ya kuulizia kama mwanafunzi ameweza kujumlisha sehemu, sentensi ambayo haimsaidii mwalimu kujua chochote. Andika swali lenyewe: 3/4 + 1/6. Kando yake andika majibu unayoyatarajia na maana yake. Atakayeandika 4/10 bado anaunganisha namba juu na chini. Atakayeandika 22/24 ameelewa, amebakiza kurahisisha. Atakayeandika 11/12 yuko tayari kusonga mbele. Safu hiyo ikiwa hivyo, hatua nyingine za somo hujipanga zenyewe, kwa kuwa unajua unakoelekea, na utangulizi wako hautakuwa wimbo au salamu isiyo na uhusiano na mada.

Si kila mada inastahili saa nzima ya kufikiri, na kulijua hili ni sehemu kubwa ya nafuu unayoitafuta. Zipo mada ambazo watoto wa mkoa wako huja nazo kutoka nyumbani. Ukifika katika Jiografia kwenye jambo linaloigusa bahari, wapo watoto kutoka Tongoni, Mwambani au Chongoleani, au wenye jamaa huko, ambao wanajua bamvua ni lini kuliko mwalimu aliyetoka bara, na wanajua kwamba maji hujaa sana na kupwa sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kipindi cha namna hiyo kinahitaji maswali manne mazuri na sikio lako. Ukifika kwenye mazao ya biashara, mtoto wa Pongwe hahitaji kuchorewa mkonge kwenye manila. Ameuona tangu alipoanza kutembea, na unachotakiwa kumwongezea ni kile asichokiona kutoka barabarani, kwamba mmea huo uliletwa hapa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na kwamba bei yake sokoni iliporomoka nyuzi za viwandani zilipoenea. Mada kama hizo ziandalie kwa robo saa na usijione umezembea. Nguvu zipeleke kwenye sehemu, desimali, eneo na mzingo, umeme, na kila mahali ambapo watoto wengi hupotea.

Sasa nije kwenye usahihishaji, ambako naamini ndiko nafuu kubwa iliko. Tumezoea kupima bidii ya mwalimu kwa wingi wa tiki nyekundu, na mzazi akifungua daftari lisilo na tiki hudhani mtoto wake ametelekezwa. Tabia hii inamtesa mwalimu wa darasa la watoto 94 kuliko jambo lingine lolote, na manufaa yake kwa mtoto ni madogo, kwa sababu mtoto anayerudishiwa daftari siku tatu baadaye likiwa na alama ya mkasi hajui alikosea wapi wala haoni sababu ya kurudia. Napendekeza ugawe usahihishaji katika aina mbili zinazofanya kazi tofauti.

Aina ya kwanza ni ya kukuelekeza wewe. Dakika tano kabla ya kengele, wape watoto lile swali moja uliloandika katika safu ya upimaji, walijibu kwenye robo ya karatasi, wakusanye viranja. Usiandike tiki wala alama. Zipange karatasi katika mafungu matatu kwa kufuata majibu uliyoyatarajia: walioelewa, waliobakiza kidogo, waliopotea. Kupanga karatasi 94 kwa macho ni kazi isiyofika nusu saa, na unaweza kuimaliza ofisini kabla hujaondoka shuleni. Fungu la waliopotea likiwa karatasi 60, andalio la kesho limeshabadilika: hutasonga mbele, utarudi kwenye vifuniko. Likiwa karatasi 12, majina hayo 12 yaandike pembeni, wakae madawati ya mbele kesho, na darasa liendelee. Hapo umesahihisha na kuandaa kwa wakati mmoja.

Aina ya pili ni ya madaftari, na hii ipunguze bila woga. Katika kila zoezi sahihisha kwa ukamilifu theluthi moja ya darasa, kwa mfano safu moja ya madawati, ukiandika neno moja la msaada pale inapohitajika, na waliobaki wajisahihishe au wabadilishane madaftari huku majibu yakiwa ubaoni nawe ukipita katikati yao. Baada ya mazoezi matatu kila mtoto atakuwa ameonwa na mwalimu kwa makini mara moja, na zile saa tisa za juma zitakuwa zimeshuka hadi karibu tatu. Waeleze wazazi utaratibu huo katika kikao cha kwanza cha muhula, na mweleze mwalimu mkuu kabla yao, ili malalamiko yakija yakute jambo limeshazungumzwa. Nakala walizonakili kutoka ubaoni usizisahihishe kabisa. Zipitie mara moja kwa mwezi kuangalia mwandiko na unadhifu, inatosha.

Kuhusu wenzako wanaoandika maandalio baada ya kufundisha, ninaelewa wamefikaje hapo, na sioni kwamba dawa yake ni kuwakemea. Karatasi ya namna hiyo humpa mwalimu kazi bila kumpa msaada wowote, maana imekuja darasa likiwa limeshatoka. Umefanya vyema kuikataa. Jihadhari pia na njia ya mkato ya pili ambayo sasa imeenea, ya maandalio yaliyokwisha kujazwa yanayouzwa katika makundi ya WhatsApp. Azimio la kazi la mtu mwingine linaweza kukusaidia kuona mgawanyo wa mada kwa majuma, na hapo sina ubaya nalo. Hatua za somo za mtu asiyelijua darasa lako hazikufai, hata zikiwa zimechapwa vizuri namna gani, kwa kuwa hazijui kwamba watoto wako 60 jana walipotea. Vitabu na mihtasari unavipata bila malipo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ni salama zaidi kuanzia huko.

Lipo jambo ambalo huwezi kulitatua ukiwa peke yako, nalo ni kukosa mtu wa kufikiri naye. Huko Japan, tangu karne ya 19, walimu wana desturi ya kukaa pamoja kuandaa somo moja kwa kina, mmoja wao hulifundisha huku wengine wakikaa darasani kuwatazama watoto, kisha hukutana kulirekebisha. Hawafanyi hivyo kwa kila somo. Hufanya kwa machache yaliyo magumu, na matunda yake hutumiwa na wote. Hapa kwetu mlango wa kufanya jambo la aina hiyo upo tayari katika MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kupitia jumuiya za ujifunzaji za shule na za kata. Najua kwamba katika shule nyingi vikao hivyo vimekuwa vya kusomewa taarifa na kusaini mahudhurio. Wewe na mwalimu wa Hisabati wa Darasa la Nne na yule wa Darasa la Sita mnaweza kuomba kikao kimoja kwa mwezi kiwe cha kuandaa mada moja tu, ile iliyowasumbua wote. Mwenzako wa Darasa la Nne atakuambia watoto walikuja kwako wakiwa na upungufu gani, na wa Darasa la Sita atakuambia kipi hakikufika kwake. Kama shule yenu haina watu wa kutosha, Afisa Elimu Kata anaweza kuwaunganisha na shule jirani.

Kisha nenda kwa mwalimu mkuu. Nenda na ile hesabu ya saa 44 ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, iseme kazi yenyewe badala ya uchovu wako, kwa sababu mwalimu mkuu naye ana upungufu wa walimu ambao hakuusababisha, na atakusikiliza vizuri zaidi ukimletea jambo analoweza kulifanya. Yapo matatu ambayo yako ndani ya uwezo wake na wa mwalimu wa taaluma. Vipindi vyako vya Hisabati vikipangwa viwili mfululizo angalau mara mbili kwa juma, andalio moja litahudumia dakika 80, na watoto watapata muda wa kushika vifuniko bila kukatizwa na kengele. Zamu yako isiangukie juma la kusahihisha mitihani. Na vipindi vya Hisabati viwe vya asubuhi, kwani joto la Tanga saa saba mchana wakati wa kaskazi, ndani ya chumba chenye watoto 94, ni jambo ambalo hakuna andalio linaloweza kulishinda. Walimu wakuu wengi wamepitia mafunzo ya uongozi ya ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, pale Bagamoyo na wanajua kwamba ratiba ni chombo cha kusaidia ufundishaji, kwa hiyo usilione ombi hili kuwa la utovu wa nidhamu.

Katika kuipanga mada ndani ya juma, zingatia pia maisha ya watoto wenyewe. Wengi wao jioni huenda chuo kusoma Kurani na hurudi nyumbani magharibi, hivyo kazi ya nyumbani ya maswali 15 haitafanywa, na asubuhi itakuletea ugomvi badala ya taarifa. Maswali matatu yanatosha. Ijumaa huwa fupi kwa ajili ya sala. Usianzishe wazo jipya siku hiyo, ifanye ya mazoezi na ya kuwarudia wale waliopotea. Na kama eneo lenu lina siku ya gulio ambayo mahudhurio hushuka, usiiweke siku hiyo hatua ambayo mtoto akiikosa hataelewa kinachofuata. Mambo haya hayamo katika jedwali lolote la andalio, lakini mwalimu anayeyapuuza hulazimika kufundisha kipindi kile kile mara mbili.

Umeuliza upunguze wapi, nami sitaki kukujibu nusu nusu. Acha nukuu ndefu za ubaoni ambazo watoto hunakili kwa dakika 20. Kitabu kikiwepo, waelekeze ukurasa, na kisipokuwepo andika mistari mitano. Acha kuchora upya zana kwenye manila kila mwaka. Zile nzuri zihifadhi, na zisizotumiwa na mtoto kwa mikono yake usizitengeneze. Acha kunakili rejea na umahiri kwa maelezo marefu pale ambapo utaratibu wa shule unaruhusu ufupisho. Usiache swali la mwisho wa kipindi, usiache ukurasa wa mada, na usiache usingizi wako, kwa kuwa darasa la watoto 94 linaongozwa kwa sauti, macho na subira, na vyote vitatu hupungua kwa mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu.

Hata ukifanya yote niliyoyasema, darasa la wanafunzi 94 litabaki kuwa kubwa kuliko inavyostahili, na wapo watoto ambao utawafikia kwa kuchelewa. Huo ni upungufu wa walimu, na unapaswa kusemwa katika vikao vya shule, vya kata na vya chama cha walimu kwa jina lake, bila mwalimu mmoja mmoja kuubeba kama kosa lake.

Usianze na masomo yote matatu kwa pamoja. Chagua mada moja ya Hisabati iliyo mbele yako katika azimio la kazi, ile unayojua huwasumbua watoto kila mwaka, na Jumamosi asubuhi uikalie kwa saa moja ukiwa na daftari jipya. Maandalio ya kila kipindi yaandike shuleni baada ya vipindi kwisha, mafungu ya karatasi yakiwa mezani mbele yako, kisha uyaache hapo ofisini uende nyumbani. Sayansi iingize mada ya kwanza ya Hisabati itakapokwisha. Jiografia ya Darasa la Sita iendelee kama ilivyo hadi muhula ujao.